Tupeane uzoefu: ushawahi kuingia makumbusho au stoo ya sayansi ya chuo kikuu? Ulikuta nini?

Mwana wa Kibokoni:
Assalam aleikum wapwani. Hapa Mombasa ukisema makumbusho kila mtu anajua Ngomeni, yani Fort Jesus, basi, na mimi nilikuwa hivohivo mpaka mwaka jana kazi ikanipeleka Ureno, siku nilopata nafasi nikapanda treni nikaenda Coimbra kuona chuo chao. Kilianzishwa 1290, na UNESCO walikitia kwenye urithi wa dunia 2013, miaka miwili baada ya Ngomeni yetu. Maktaba yao ya Joanina ni ya karne ya 18, vitabu vimepanda mpaka juu na mbao zimepakwa dhahabu, lakini kilichonishika mimi ni popo. Wallahi wako popo mle ndani na wameachwa makusudi, usiku wanakula wadudu wanaotoboa karatasi, jioni wafanyakazi wanafunika zile meza za kale kwa ngozi zisiharibiwe na kinyesi, asubuhi wanasafisha. Bibi yangu popo wakiingia darini anawafukuza kwa moshi! Chini yake kuna jela ya chuo, ya wanafunzi wakorofi wa zamani, nikasimama pale nikaikumbuka Ngomeni, maana Wareno hao hao walianza kuijenga 1593 na baadaye Mwingereza akaifanya jela. Haya, na nyinyi leteni yenu, ya hapa nyumbani ndo nayataka zaidi.

Binti Likoni:
Kakangu umenigusa. Mi nilisoma Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na pale kuna hebaria, yani makabati yamejaa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Siku moja tunapitisha karatasi moja moja nikakutana na mbambakofi kutoka pwani. Tawi limebanwa kwa vikanda vyembamba, pembeni kuna kijibahasha, nikakifungua taratibu, mbegu zimo, nyeusi zinang'aa na vile vikofia vyekundu vyake havijapauka. Babu yangu alikuwa seremala wa milango, mbambakofi ndo mti alousifu kuliko yote, na sisi wajukuu tulizichezea mbegu hizo barazani. Sasa lebo ina jina la kilatini, Afzelia quanzensis, ina mahali, tarehe, aloikusanya, ila pale pa jina la kienyeji pako tupu. Niliumia sana. Nikamwambia mtunzaji huu kwetu ni mbambakofi, babu angeujua hata gizani kwa kuupapasa, yule mzee hakunidharau, alitoa kikaratasi akanipa penseli niandike mwenyewe kisha akakibandika chini ya lebo. Kiko pale mpaka leo inshallah.

Baharia77:
Mi niko Uingereza miaka mingi, nawasindikiza wageni Oxford kila wakija. Makumbusho yao ya viumbe yalifunguliwa 1860, kuingia bure. Kuna kichwa cha dodo, yule ndege wa Mauritius aliyekwisha duniani, bado kina ngozi. Ndege wa bahari yetu hii, na kumuona lazima ukae kwenye ndege masaa manane na zaidi.

Msomi wa Tudor:
Na ya hapa je? Hiyo TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa, watu wanapita na tuktuk kila siku hawageuzi shingo. Zamani ilikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu tangu enzi za mkoloni, 2013 ndo ikawa chuo kikuu kamili. Mi nilimpeleka mjukuu wangu nikamuonyesha zile kuba na matao, akaniuliza kama ni msikiti, tukakaa chini ya mti nikamhadithia.

Mvuvi Msomi:
Yangu si nzuri. Kuna chuo kimoja, sikitaji, nilienda kuuliza samaki wa mkusanyo wao maana mi mvuvi nilitaka kulinganisha aina za chewa. Siku ya kwanza ufunguo hauko, ya pili mwenye ufunguo hayuko, ya tatu nikafunguliwa. Chupa nyingi spiriti imekauka nusu, chewa mgongo uko nje umekuwa kama gamba la mnazi. Zilizopona zina kikaratasi ndani kimeandikwa kwa penseli, kumbe wino ungeyeyuka. Samaki aliyevuliwa kabla sijazaliwa, kapotea kwa kukosa mtu wa kumuongezea spiriti!

Mwana wa Kibokoni:
Pole sana kakangu. Wengine mkitaka kwenda andikeni barua kwa mkuu wa idara mapema, mseme mnataka kuona nini hasa. Binti Likoni, milango ya babu iko wapi?

Binti Likoni:
Mmoja uko Mji wa Kale, karibu na msikiti wa Mandhry, wenyewe wanaufuta mafuta kila mfungo. Jumapili baada ya alasiri ntakuwa pale, mwenye kutaka kuuona aje, na mbegu ntakuja nazo.