Tupeane uzoefu: mnafanyaje mazoezi na watoto wenu?

Mama Wawili (Tabata)

Habari za jioni wapendwa. Nina jambo limenikaa moyoni tangu Desemba, naomba tusaidiane.

Tulikwenda Lushoto kwa bibi yao. Kutoka nyumbani kwake hadi chemchemi ni mteremko wa kama robo saa, na kurudi ni kupanda tu. Bibi ana miaka 68. Alitangulia na ndoo kichwani, kanga kaifunga kiunoni, anapiga stori njia nzima. Binti yangu ana miaka tisa, hakubeba hata chupa, na alikaa chini mara tatu. Mara ya tatu akashika shingo, akaniambia, "Mama, moyo unagonga mpaka huku." Bibi yake akageuka, akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. Hakusema neno.

Usiku ule nikapiga hesabu ya siku ya mwanangu. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anarudi saa kumi na moja jioni. Kuoga, kula, homuweki, katuni, kulala. Shuleni kwao uwanja umejengwa madarasa, kipindi cha michezo kimebaki kwenye ratiba tu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hadi aheme, na siku zisizopungua 3 kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu zaidi, kama kukimbia na kuruka. Wangu alikuwa hafikishi hata kumi.

Januari tukaanza. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Tokeni nje mkacheze." Wanatoka, wanakaa kwenye ngazi, wanarudi. Siku niliyovaa raba nikafungua geti mimi mwenyewe, wote wawili wakanifuata bila kuitwa. Tangu hapo nimeacha kuwatuma. Jumamosi tunafika Daraja la Tanzanite saa kumi na mbili na robo, jua bado halijachomoza. Daraja lina urefu wa kilomita moja na kidogo, tukienda na kurudi tumepata mbili. Vikundi vya jogging vinapita vinaimba, mwanangu mdogo wa miaka sita anaunga nyuma yao, anaitikia nyimbo asizozijua.

Siku za wiki ndizo zimenishinda. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi Cherehani (Mbagala)

Dada, hongera kwa kuanza. Mimi sina gari, na nauli ya kufika darajani na watoto watatu kila wiki siiwezi, kwa hiyo nikuambie ya kwetu.

Asubuhi nawasindikiza shule kwa miguu. Ni dakika thelathini na tano kwa mwendo wa mtoto. Zamani niliona kama mateso kwao, nikawa nawatafutia bodaboda mwezi ukiwa mzuri. Siku moja bodaboda hakuja, tukatembea, na mwanangu wa kati, ambaye nyumbani haongei, akanisimulia njia nzima habari za rafiki yake aliyehama. Nikaachana na bodaboda. Njiani tuna mchezo wetu: kutoka nguzo ya umeme hadi nguzo inayofuata ni kukimbia, nguzo ya pili ni kutembea. Wao ndio wanahesabu.

Jioni saa kumi na moja nafunga cherehani nusu saa. Nilipoanza, wateja walilalamika. Sasa wanajua fundi yuko kwenye chandimu, wanaacha kitambaa kwa jirani. Mpira ni wa matambara, nautengeneza mwenyewe. Watoto wa mtaa mzima wanakuja. Jumapili mama yao ndiye mwenye zamu, wanacheza rede. Anaingia katikati na chupa, anajaza mchanga huku anakwepa mpira kutoka pande zote mbili, na hapigwi. Binti zangu walikuwa hawajui kama mama yao anaweza vile. Kwa jinsi walivyomwangalia siku ya kwanza, nadhani hawatasahau.

Mama Wambui (Nairobi)

Hamjambo nyote. Naomba niseme jambo ambalo linaniuma, labda litasaidia mzazi mwingine.

Kifungua mimba wangu ni msichana, sasa ana miaka kumi na mbili. Alipokuwa na miaka tisa nilianza kumwambia, "Umenona, lazima ukimbie." Nilisema nikimpenda. Nilinunua hata mizani. Kila Jumapili apande, niandike. Baada ya miezi miwili alianza kuficha chakula, na akawa hataki kutoka nje kabisa, hata dukani. Dadangu mdogo ndiye aliyeniambia ukweli: "Umemfanya mtoto auonee mwili wake aibu." Mizani nilitoa kwa nyumba siku hiyo hiyo.

Ilichukua karibu mwaka mzima kurudisha imani yake. Kukimbia hapendi, na sijamlazimisha tena. Anapenda kudensi. Kwa hiyo jioni, kabla ya chakula, tunasukuma meza ukutani na yeye ndiye mwalimu. Mimi, babake na kakake tunafuata hatua zake. Dakika ishirini, shati limelowa. Kilo hazitajwi kwetu. Tunasema, "Leo umepanda ngazi hadi ghorofa ya tano bila kupumzika," na yeye mwenyewe anajua ni kweli.

Kwa ploti yetu hakuna uwanja, ni maegesho ya magari tu. Tulikubaliana na keateka, yule msimamizi wa ploti, kwamba kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni magari yaegeshwe upande mmoja, watoto wapate kuruka blada na kucheza kati. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu tulienda wazazi sita pamoja.

Mara moja kwa mwezi tunaenda Karura. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, njia zake zina kivuli, na mtoto anaweza kutembea saa mbili akifuata maporomoko ya maji na mapango bila kuuliza tumebakisha nini. Huwa nawaambia kwamba Wangari Maathai alipigwa pale mwaka 1999 akitetea miti hii isikatwe. Kijana wangu sasa akiona mti mkubwa anasimama, anaugusa, kisha anakimbia kutufikia.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, nalea peke yangu. Hizo dakika sitini nikizisikia huwa nalia kidogo. Kilichotusaidia ni kumi kumi. Kumi za kamba kabla sijaenda kazini, naruka na mwanangu, tunahesabu kwa sauti mpaka mia. Nyingine anazipata kwa kufagia uwanja na kuteka maji bombani. Kazi za nyumbani zinazotoa jasho nazo zinahesabika, msijidharau.

Bint Unguja (Muscat)

Assalaam alaykum. Miye niko Oman mwaka wa kumi na moja huu, wanangu watatu wote wamezaliwa huku. Nimekulia Ng'ambo, Unguja, tukirudi skuli tunavua viatu tu, hatuonekani mpaka adhana ya Magharibi. Hatukuwa na neno "mazoezi". Huku Julai joto linapita digrii 40, mtoto hawezi kutoka mchana, na ndani kuna kiyoyozi na tableti. Nikaona wanangu wanakuwa watu wa kochi.

Tukafuata saa za Sala. Baada ya Alfajiri, siku za mapumziko, tunateremka ufukwe wa Qurum, mchanga bado baridi. Siku za kazi ni baada ya Isha, tunazunguka mtaa wetu, mume wangu mbele na mdogo, miye nyuma na wakubwa. Kwa vile saa ni ya Sala, hapana mjadala wa "leo twende au tusende". Watu wameshaamka, wameshatawadha, viatu viko mlangoni.

Mwanangu wa kike mkubwa, kumi na mitatu, alianza kusema kukimbia si heshima kwa msichana. Sijui aliokota wapi. Nikamkalisha nikamsomea Hadithi ya Bibi Aisha, vipi alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye akamwambia hii ni kwa ile. Alinyamaza muda. Ijumaa ya pili yake akanambia, "Mama, tushindane mpaka pale penye jiwe." Nilivaa baibui langu la kazi na raba, tukaenda. Alinishinda kwa mbali sana, alhamdulillah.

Ticha wa Michezo (Moshi)

Nimewasoma wote, nashukuru. Nafundisha shule ya msingi huu mwaka wa kumi na nane, na kuna kitu kimoja nataka wazazi mkishike hata mkisahau mengine yote niliyoandika.

Msitumie zoezi kama adhabu. Mtoto kavunja kikombe, "ruka kichura mara hamsini". Kachelewa, "piga pushapu". Sisi walimu tumefanya hivyo miaka na miaka, na nyumbani nako kumeiga. Kisha mtu huyohuyo anamwita mtoto Jumamosi, "njoo tufanye mazoezi". Mwili wa mtoto unakumbuka. Napokea watoto wa darasa la tatu ambao nikisema tuchuchumae tu, macho yanabadilika, wanatafuta wamekosa nini. Inanichukua muhula mzima kuwarudisha, na wengine hawarudi.

Mchakamchaka wa asubuhi, ule wa kuimba, bado ninao shuleni, na ninaulinda. Angalieni kwa nini watoto wanaupenda: hakuna wa kwanza wala wa mwisho, mwendo unapangwa na wimbo, na mwenye pumzi ndogo anafichwa na mstari. Nyumbani fanyeni hivyohivyo. Tembeeni kwa mwendo wa mdogo kuliko wote.

Kuhusu mbio: hapa kwetu kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuna Kilimanjaro Marathon. Mbali na kilomita 42 na 21, kuna kilomita 5 za kujifurahisha, na familia nyingi zinatembea na watoto hadi mwisho. Hiyo nzuri. Ila nimeona baba akimkokota mtoto mkono, mtoto analia, eti lazima amalize. Akichoka, kaeni kivulini mnywe maji. Kilomita hazina faida zikimfanya achukie njia.

Watoto wangu hawakumwona mkimbiaji wetu Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, Septemba 2025, kwa sababu huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Waliiona asubuhi kwenye simu yangu. Yeye na Mjerumani walipewa muda mmoja, 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Mwezi mzima darasa langu lilicheza ule mwisho: wawili wanakimbia, mmoja anajitupa kwenye mstari, wa tatu anajifanya kamera. Hakuna aliyewaambia kwamba ni mazoezi.

Mama Pumzi (Dodoma)

Mwalimu, umegusa penyewe. Wangu ana pumu, nilimfungia ndani miaka mitatu kwa woga. Kila akikimbia, anakohoa, namrudisha. Daktari wa watoto ndiye aliyenikemea kwa upole, akasema pumu ikidhibitiwa vizuri mtoto anacheza kama wenzake. Alituelekeza dawa ya kuvuta aitumie kabla ya mchezo, kama dakika kumi na tano, na tuanze polepole kupasha mwili, tusianze na mbio za ghafla. Siku za vumbi kali tunabaki ndani, na Dodoma mnaijua. Sasa anaogelea na baba yake kila Jumapili. Dawa iko kwenye mfuko wa mbele wa begi, na hata mdogo wake wa miaka minne anajua iko wapi. Mwenye mtoto wa pumu amuulize daktari wake kwanza, kila mtoto na dawa yake.

Mama Wawili (Tabata)

Nimesoma kila neno, mengine nimemsomea baba yao. Mama Wambui, asante kwa ujasiri wako. Mimi nami nilishaanza kumtania binti yangu mwili wake, tena mbele ya wageni. Leo nimemwomba radhi. Alicheka, akaniuliza kama na yeye anaweza kuwa mwalimu wa kudensi.

Kaka Fundi, nguzo kwa nguzo tunaanza Jumatatu jioni, basi likimshusha kituo kimoja kabla ya nyumbani. Nimeshaongea na matroni wa gari. Nisaidie jambo moja: huo mpira unautengenezaje? Wangu wameukataa wa dukani, wanasema ni mzito.

Fundi Cherehani (Mbagala)

Dada, rahisi. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, lakini tangu ipigwe marufuku Juni 2019 nimehamia kwenye mabaki ya vitambaa. Nenda kwa fundi yeyote, atakupa bure, mwambie unataka ya jezi au ya kitenge laini, khaki ni ngumu itawaumiza miguu. Ndani weka kipande cha sponji kiasi cha ngumi ya mtoto, hicho ndicho kitaupa mdundo. Zungusha vitambaa, kila mkunjo unavuta, unageuza upande, unavuta tena. Ukifika ukubwa wa chungwa kubwa, fumua uzi wa salfeti la unga, anza kufunga kama unafunga zawadi, halafu pita juu chini kila uzi unapokutana na mwenzake mpaka upate wavu. Usikaze kwa mkono peke yako. Mwambie binti yako ashike fundo kwa kidole wakati wewe unavuta.

Na uwe na mipira miwili, mmoja lazima utaingia kwa jirani.