Nimeitwa Dar kuigiza tamthilia, niende au nibaki na kikundi Mwanza?

Binti wa Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 29, naigiza jukwaani na kikundi kimoja hapa Mwanza, mwaka wa 8 sasa. Tunazunguka mialoni na visiwani, Igombe, Kome, Ukerewe, tunacheza michezo ya uvuvi haramu, ukatili, UKIMWI. Jukwaa ni mchanga, na ngoma moja ya kuita watu. Mwaka jana nilicheza nyumba ndogo ya mvuvi, mama mmoja akanirushia kandambili katikati ya mchezo. Kesho yake nikaenda kununua dagaa, kumbe muuzaji ndiye yeye. Akafunika beseni. "Wewe sikuuzii." Hiyo ndiyo tuzo yangu pekee mpaka leo.

Sasa nimepata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni huko Dar. Nafasi kubwa, siyo ya kupita na sinia la chai. Huku mradi ukiisha na posho imeisha. Lakini usingizi sipati. Niende? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Sangara Mnofu
Nenda. Uzi ufungwe.

Mzee wa Igoma
Binti yangu, Kanumba alitoka Shinyanga hapo jirani, akapitia kikundi cha maigizo cha Kaole, tukamwona ITV. Sawa. Lakini wangapi walipanda basi hilohilo wakarudi na begi na mimba? Una mume?

Mama Furu
Mzee, kila uzi wewe ni mimba tu.
Mdogo wangu, mimi nimesoma chuo cha sanaa, TaSUBa, pale Bagamoyo, nikaacha kwa sababu zangu. Jukwaani unatupa sauti imfikie aliyesimama kwenye mtumbwi. Mbele ya kamera maiki inaning'inia juu ya kichwa chako kama ndoano, ukipaza hivyo unamtoboa masikio mtu wa sauti. Tena sini hazipigwi kwa mpangilio. Asubuhi unalia msibani, mchana marehemu yuko hai mnagombana naye jikoni, kwa kuwa nyumba imekodiwa siku mbili na sini zake zote zinamalizwa humo. Mkataba unasemaje? Unalipwa kwa siku au kwa mwezi? Nywele? Na huyo mhusika ni mpya au alikuwepo?

Binti wa Nyegezi
Asante dada. Kwa siku ya shuti. Nywele wamesema nisuke twende kilioni na nisiziguse. Mhusika yupo tayari.

Mama Furu
Yupo kivipi? Anayemcheza amefariki?

Binti wa Nyegezi
Hapana. Wanabadilisha tu. Mhusika anasafiri, anapata ajali, anafanyiwa upasuaji, anarudi na sura nyingine.

Sangara Mnofu
Upasuaji unabadilisha mpaka kimo? 😂

Mama Furu
Anayetolewa unamfahamu?

Mama Furu
Mleta mada, tunakusubiri.

Binti wa Nyegezi
Haya. Ni dada yangu wa sanaa. Alinitoa kwenye kwaya, akanifundisha kupumua tukiwa juu ya mawe kule ziwani. Alikuwa anakaa mbali kabisa, upepo unavuma, nisiposikika narudia sentensi hiyohiyo mpaka wavuvi wanaanza kuwasha karabai. Alianzia hapa, akaenda Bagamoyo, akarudi, akakaa jukwaani miaka 10. Dar walimwona akiwa na miaka 36. Juzijuzi kaulizia malipo yake ya nyuma, wakamchoka. Hajui kama anatoka. Nimeambiwa nifunge mdomo mpaka sini zake ziishe mwisho wa mwezi.

Ila wakuu, mimi sijamtoa. Nikikataa watamchukua mwingine asiyemjua hata kidogo. Si bora mimi ninayemheshimu? Kazi haina mwenyewe.

Fundi Karabai
Unaomba ushauri au unaomba baraka? Nywele umeshasuka?

Binti wa Nyegezi
Nilisuka kwa ajili ya picha tu. Walitaka kuona.

Sato Mchemsho
Kazi haina mwenyewe kweli. Mimi nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha kivukoni Kigongo. Foleni ya magari ndiyo shamba langu, kivuko kikichelewa mimi nacheka. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, wateja wangu wakapita juu wamefunga vioo. Nilimlaumu nani? Sasa nina genge Buhongwa. Nyanya zinaoza, lakini hiyo ni mada nyingine.

Mzee wa Igoma
Wewe wa mayai hukula na lile daraja sahani moja. Binti, umewahi kufika Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma? Kundi la Bagika wanacheza huku, wapinzani wao Bagalu wanacheza kule, muda mmoja, na watu wanakimbilia kwa anayewavutia. Dawa zipo, fisi yupo, nyoka yupo, lakini wanaonana. Wewe unacheza na mwenzio akiwa amelala.

Nauliza Tu
Chai. Ajali, upasuaji, sura mpya, dada asiyejua, siri mpaka mwisho wa mwezi. Huyu ni mwandishi wa tamthilia kaishiwa, amekuja kutuchota akili bure. Na ni mwaloni gani mtu mwenye njaa ya hela anakataa kuuza dagaa?

Sangara Mnofu
Kama ni chai naomba yule mama wa kandambili arudi. Awe mama mkwe wa dada.

Bibi Dagaa
Nauza dagaa Kirumba mwaka wa 14. Nimeshamkatalia mtu, tena kwa makosa madogo kuliko hayo. Hapo hajadanganya.

Fundi Karabai
Mimi pia nahisi kautunga. Mwanzo "nimepata nafasi", mara "wanabadilisha", mara "dada yangu". Tunamenyewa kama kitunguu.

Binti wa Nyegezi
Sijatunga. Huwa ananipigia kila Jumapili. Simu imeita mara mbili nikiwa naandika hapa.

Mama Furu
Pokea.

Binti wa Nyegezi
Nimepokea. Kaniuliza ni mtandao mbaya au nalia. Nikamwambia mtandao.

Mama Furu
Ukamwambia na jingine?

Binti wa Nyegezi
Kasema nikienda Dar nifikie kwake, ana godoro la ziada.

Nauliza Tu
Narudia, hii ni chai. Ila endelea.