Mrejesho: Fakarava tuliingia salama, ila mnyororo ulinasa

Habarini wakuu. Mwezi uliopita niliuliza hapa namna ya kuingia na kutia nanga Fakarava, pete ya mwamba wa matumbawe yenye ziwa la bahari ndani, katika visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Ufaransa, kwa mashua ya matanga ya futi 42. Asanteni sana wote mliojibu.

Kungoja maji yatulie, kama mlivyoshauri, kwenye mlango wa Garuae (pengo la kaskazini la kuingilia ndani ya mwamba) ndiko kulikotuokoa. Lakini saa ya kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa haikutosha. Mawimbi makubwa ya kusini yalikuwa yakimwaga maji juu ya mwamba siku mbili mfululizo, na yote yanatafuta pa kutokea. Tulikuta mkondo bado unatoka kwa nguvu, unapigana na upepo, bahari imechafuka. Tulingoja nje kwa muda wa saa mbili hivi.

Aliyesema nipandishe mtu mlingotini, jua likiwa juu na nyuma yetu, Mungu akubariki. Njiani kwenda Hirifa, mahali pa kutia nanga kusini-mashariki mwa ziwa, vichwa vya matumbawe vilionekana kama madoa ya kahawia kwenye maji ya buluu. Viwili havikuwemo kwenye ramani yetu.

Maboya matatu tuliyofunga kwenye mnyororo wa nanga, ili uelee juu ya matumbawe, yalifanya kazi nusu. Siku tatu shwari. Upepo ulipogeuka, kipande kilicholala chini kikazunguka tumbawe. Nilizama kukinasua, tumbawe likameguka mkononi, na hilo limeniuma sana moyoni. Boya la kwanza lilikuwa mita 20 kutoka nanga. Tulipohama nililisogeza hadi mita 12, na hatukunasa tena.