Naomba ushauri: kujikinga na maambukizi ya mkojo baada ya kipimo cha kibofu

Wakuu, baba yangu, mkazi wa Tukuyu mwenye kisukari na tezi dume iliyotanuka, amepangiwa kwenda Mbeya mjini kuchunguzwa kibofu kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha arudi nyumbani siku hiyohiyo. Tumeelezwa kwamba mkojo kuunguza na kuwa na damu kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, ila homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka au mkojo kuziba humrudisha mgonjwa hospitali haraka, jambo ambalo usiku wa mvua kwa huku kwetu si jepesi. Je, tuombe mkojo uoteshwe maabara mapema, ili bakteria wakionekana watibiwe kwanza? Na kwa mwenye kisukari, dozi moja ya antibayotiki kabla ya kipimo hutosha? Vidonge vya kubahatisha dukani sitaki kumpa.