Kuki laini zenye tende na chokoleti: zangu zinakauka kama kigae, nisaidieni

Binti wa Makorora

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, naoka nyumbani, mwaka wa pili huu. Keki nazimudu, skonzi nazimudu, lakini kuna kitu kimoja kimenishinda na kinaniuma kweli: zile kuki laini zenye vipande vya chokoleti na tende ndani, ambazo ukiishika na kuikunja inapinda kwanza ndipo ikatike.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja na boksi lake kutoka Dar. Mama yetu ameng'olewa magego mawili upande wa kushoto, na biskuti za kawaida hali mpaka azichovye kwenye chai zilowe. Hiyo kuki aliila kavukavu, taratibu, akaimaliza, akachukua ya pili. Kisha akaniuliza, "Hizi wewe huwezi, mwanangu?" Tangu siku ile nimeoka mara nne, na mara zote nne nimekosa.

Mara ya kwanza na ya pili zilitoka kwenye oveni zikiwa na rangi nzuri, kama andazi lililoiva sawasawa. Baada ya nusu saa zikawa ngumu, na asubuhi ukiigonga moja mezani inalia. Mara ya tatu nikapunguza unga, zikatandaa trei nzima zikawa kitu kimoja kama chapati. Mara ya nne nikaongeza bekingi pauda nikidhani zitalainika. Zilivimba, zikawa vikeki bapa. Laini ndiyo, ila zinapukutika mdomoni, hazina ule mnato wa kutafuna.

Ninavyofanya: unga wa ngano vikombe 3, majarini gramu 250, sukari kikombe 1 na nusu, mayai 2, bekingi pauda kijiko 1 cha chai, vanila. Napiga majarini na sukari kwa mashine mpaka iwe nyeupe, natia mayai, natia unga, nagawa matonge, naoka dakika 20 kwa moto wa 180. Oveni ni hii ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Nakosea wapi?

Fundi Trei

Dada, maswali matatu kwanza. Sukari yako ni ipi? Unga unauchota vipi? Na unajuaje kuwa zimeiva?

Binti wa Makorora

Asante kwa kunijibu haraka. Sukari ni hii ya kawaida ya kupima dukani, chenga zenye wekundu kidogo. Unga nachovya kikombe ndani ya mfuko, nakandamiza, nasawazisha juu. Kuiva najua kwa kubonyeza katikati: kidole kisipoacha alama, natoa.

Fundi Trei

Hapo kwenye kubonyeza ndipo penye tatizo. Hiyo ni dalili ya keki. Kuki ukiisubiri ikaze ndani ya oveni umeshaichelewa, kwa sababu ikitoka bado ni ya moto na inaendelea kujipika juu ya trei. Dakika 20 ni nyingi mno kwa tonge dogo.

Na unga pima kwa mizani. Kikombe cha kuchovya na kukandamiza kinabeba karibu gramu 150. Ukiumimina kwa kijiko bila kukandamiza, ni kama 125. Kwa vikombe vitatu umeshazidisha gramu 75 bila kujua.

Bi Mkubwa wa Seeb

Mwanangu wa Tanga, mie mzaliwa wa Unguja, naishi Seeb hapa Oman mwaka wa kumi na nane sasa, na kuki hizo ndizo ninazowafungia wajukuu kwenda skuli. Huyo ndugu aliyetangulia kasema kweli juu ya dakika na unga. Ila mie naona ugonjwa wako mkubwa ni sukari, kwa hivyo niwie radhi nitakaa hapo kidogo.

Sukari ya chenga, hata hiyo yenye wekundu, ni kavu. Ndani ya moto inayeyuka, lakini kuki ikipoa inarudi kuganda na kuki yote inakakamaa nayo. Ndiyo maana zako zinatoka nzuri kisha asubuhi zinalia mezani. Kuki ya kutafunika inataka sukari ambayo bado ina molasi yake, ule urojo mweusi wa muwa. Molasi inashika maji, na inaizuia sukari isirudi kuwa chenga. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana sukari yao ya brauni yenye unyevu, ukiifumbata kiganjani inashikana kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Sie tuna sukari guru. Kwangu mie inaishinda, kwa sababu ina harufu yake ya moshi na muwa ambayo ile haina. Tafuta donge bichi la kahawia iliyokolea. Lile la kale lililokauka kama jiwe liwache. Likune kwa kikwaruzio cha karoti, upande wa matundu madogo, halafu lichekeche, kwani mara nyingi huwa na vijiti vya muwa ndani.

Vipimo vyangu hivi: siagi gramu 170, sukari guru iliyokunwa gramu 200, sukari nyeupe gramu 70, yai zima moja na kiini cha yai la pili, unga gramu 250, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Na iliki punje nne, zitwange mwenyewe siku hiyo hiyo. Unapata kama kuki ishirini.

Siagi iyeyushe kwa moto mdogo, iwache ipoe mpaka vuguvugu. Tia sukari zote mbili, koroga kwa mwiko mpaka zishikane, tia yai na kile kiini, koroga tena. Mashine iweke kabatini. Ukiipiga siagi na sukari mpaka ikawa nyeupe umeijaza hewa, na hewa ndiyo inayokupa keki. Lile yai la pili nakwambia kiini pekee kwa sababu kiini kina mafuta yake, kinalainisha; ute ukizidi unakausha. Halafu unga uliochanganywa na soda na chumvi, ugeuze kwa mwiko na ukome pale tu unapoona hakuna tena unga mweupe. Ukiukanda sana, unavutika kama wa chapati.

Kama siagi ya maziwa ni ghali huko, majarini inafaa, lakini soma kopo. Mafuta yawe asilimia 80 hivi. Zile laini za kupaka mkate, nyengine karibu nusu yake ni maji, na ukiokea hizo hujui kuki itakwenda wapi.

Sasa tende. Hapa tunazo za kila namna, na kwa kuki mie napenda Khalas, ni laini na ladha yake inakaribia ile ya sukari iliyoungua. Fardh nayo ni nyeusi zaidi, inakaza kidogo, haivurugiki kwenye donge. Wewe tumia hizo unazozipata sokoni, ila zisiwe zile zilizokauka mpaka zinachoma ufizi. Toa kokwa, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, zinyunyizie kijiko kimoja cha unga zisigandane. Gramu 100 zatosha. Chokoleti gramu 150, uikate kwa kisu, vyengine vikubwa vyengine vidogo. Usihangaike na punje za paketi. Hata Ruth Wakefield, mama wa Massachusetts aliyezianzisha kuki hizi miaka ya 1930, alivunja chokoleti ya kipande akaitia kwenye donge. Punje za kuuzwa zilikuja baada yake. Tazama tu kwenye karatasi uone kama ndani mna siagi ya kakao. Ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea haina utamu ule. Ukipata korosho, zikaange kavu kidogo, zivunje, tia konzi moja. Hizo nyie watu wa huko mnazo mpaka Mtwara, mie huku nazinunua kwa kubembeleza.

Donge lifunike, liweke kwenye friji lisipungue saa moja. Mie hulilaza usiku kucha. Unga unakunywa unyevu, ladha inakolea, na siagi inaganda, kwa hivyo kuki haitandai. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili hatua hii usiiruke hata kidogo. Zile zilizokuwa chapati, nina hakika ziliingia motoni majarini ikiwa imeshalainika.

Gawa matonge ya gramu 50, ukubwa wa ndimu, usiyabane bapa, yaachie nafasi ya vidole vitatu. Oveni iwashe robo saa kabla. Moto 180, dakika 10 au 11. Unatoa ukingo ukiwa umeshika na umepata rangi, katikati bado panang'aa na panaonekana pabichi. Utaogopa. Toa hivyo hivyo, ziwache juu ya trei dakika 10 bila kuzigusa. Hizo oveni ndogo za mezani nyingi moto wake haufuati namba, basi oka tonge moja peke yake kwanza ujue dakika za oveni yako.

Nimeandika mengi, lakini nimemfikiria huyo mama na chai yake.

Mla Visheti

Mimi natofautiana kidogo na mama yangu hapo juu, kwa heshima zote. Natumia bekingi pauda vijiko viwili na kuki zangu ni laini hata siku ya tatu. Soda huacha ladha ya sabuni.

Bi Mkubwa wa Seeb

Soda inaacha ladha hiyo ikizidi, au ikikosa kitu chenye uchachu cha kuikata. Molasi ya sukari guru ina uchachu wake mdogo, ndiyo inayoikata, na nusu kijiko kwa unga wote ule hakisikiki. Vijiko viwili vya pauda vitakupa ulaini, sikatai, lakini ulaini wa keki, na huyu mwenzetu mara ya nne ndiko alikofikia akasema sicho anachokitafuta. Soda inaiacha kuki itandae kiasi na inaipa rangi ya kahawia.

Jiko la Mkaa Moro

Kwa wanaosoma hapa na hawana oveni: zinawezekana. Mimi naoka kwa mkaa juu na chini, kama mkate wa kumimina. Sufuria kubwa nzito, ndani nateleka sahani ya bati juu ya vijiwe vitatu ili kuki zisiguse chini, natia karatasi ya kuokea. Sufuria naipasha tupu kwanza imefunikwa, dakika kumi. Chini naacha mkaa mchache ulioshika jivu, mwingi naupanga juu ya mfuniko. Zinaingia tano kwa mara moja, na zinachukua dakika 12 mpaka 14. Kosa nililolifanya mara nyingi ni kufunuafunua. Kila ukifunua, moto wa juu unaupoteza, na chini kunaungua kabla juu hakujashika. Mimi nafunua mara moja tu, dakika ya 11.

Na Bi Mkubwa, sukari guru huku Morogoro ipo, ila nyingine ina mchanga. Baada ya kuiyeyusha na siagi naichuja kwa kitambaa ikiwa ya moto.

Fundi Trei

Nyongeza ndogo kwa Binti: zikishapoa kabisa, ziweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana pamoja na slesi moja ya mkate. Mkate unakauka, unyevu wake unahamia kwenye kuki. Badilisha slesi kila siku.

Binti wa Makorora

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Nimerudi na majibu.

Sukari guru niliipata Ngamiani, donge zito lililofungwa kwenye jani, nikalikuna jioni huku naangalia taarifa ya habari. Tende nilikuwa nazo zilizobaki Ramadhani. Korosho nilikaanga konzi moja kama nilivyoambiwa. Donge likalala kwenye friji tangu Alhamisi usiku.

Ijumaa asubuhi nikaoka tonge moja la majaribio. Dakika 11 kwa oveni yangu zilikuwa nyingi, chini kuliiva kupita kiasi. Nikashusha namba hadi 170 na kutoa dakika ya 10. Bi Mkubwa, uliposema nitaogopa, niliogopa kweli. Katikati palikuwa panatikisika. Nilisimama mbele ya trei nimeshika kitambaa, nikihesabu zile dakika 10 kwenye simu, na nikaona kwa macho yangu zinavyoshuka, juu zinapasuka mistari midogo, ukingo unakunjamana. Nilipoinua moja ikapinda. Haikukatika! Nikaikunja zaidi ndipo ikaachana, na chokoleti ikavutika katikati kama uzi.

Mchana nikampelekea mama nne kwenye bakuli. Alikuwa ametoka kuswali, chai haijachemka bado. Akaila upande wake wa kulia, akanyamaza, kisha akaniuliza kama hiyo ni iliki. Nikamwambia ndiyo. Akasema ya Dar haikuwa na iliki. Akala na ya pili.

Zilizobaki nimeziweka na slesi ya mkate. Leo Jumapili bado zinapinda, ingawa zile za ukingoni mwa trei zimekaza kidogo, nadhani oveni ina moto zaidi upande wa nyuma. Mara ijayo nitaigeuza trei dakika ya tano.

Jirani ameomba thelathini za kitchen party ya binti yake Jumamosi. Swali langu la mwisho: nikizidisha vipimo mara moja na nusu, kile kiini cha ziada nikifanyeje?

Bi Mkubwa wa Seeb

Marahaba mwanangu, nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Kwa mara moja na nusu, tia mayai mazima mawili na kiini kimoja. Ute utazidi kidogo tu, haudhuru. Soda iwe robo tatu ya kijiko cha chai. Na matonge yaoke mapema ukitaka, lakini usiyatie yote ndani ya hiyo oveni ndogo kwa pamoja. Trei moja moja, na yanayosubiri yarudi kwenye friji.