Yah: Kuanza Kijapani ukubwani

NGAMIANI, TANGA
Assalaam alaykum jamani. Dada mmoja wa hapa mtaani, miaka 41, anamfuata mumewe Nagoya mwezi wa nne. Kijapani hajui hata herufi. Ana miezi mitano na nafasi ya saa moja kwa siku. Aanzie wapi?

NAGOYA
Wa alaykum salaam. Kwanza asizoee Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za kizungu. Atajiona anasoma, kumbe akishuka uwanja wa ndege kila kibao kimemfunga mdomo. Aanze na hiragana, herufi 46, tano kwa siku, kwa kalamu na daftari, na kila asubuhi arudie za jana kabla ya kugusa mpya. Kwa hesabu ni siku kumi. Ajipe wiki mbili, maana め na ぬ zitamchezea, na さ na き vilevile. Baada ya hapo katakana, herufi za maneno na majina ya kigeni: nyingine 46, sauti zilezile.

Kwenye matamshi Mswahili ana bahati, a, i, u, e, o zao ni kama zetu. Tatizo letu ni urefu. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunaivuta. Ukisema "biru" (jengo) kwa mkazo wa Kiswahili, Mjapani anasikia "biiru", yaani bia. Dawa ni makofi: bi-ru mawili, bi-i-ru matatu, yote yalingane. Si kitu kigeni, mbona kufa na kufaa hatuvichanganyi? Kigumu zaidi ni "kitte" (stempu) mbele ya "kite" (njoo). Kitte ni makofi matatu, na la kati halina sauti, pumzi inazuiwa tu.

CHUMBAGENI, TANGA
Mazoezi yapo hapo hapo barabarani. Magari mengi yaliyotoka Japani yakiwashwa husema: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Maana yake kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Ukiiacha ETC yenyewe, mna irabu ndefu tatu: kaa, soo, nyuu. Apande mbele, asikilize, apige makofi yake. Dereva atashangaa, lakini somo ni la bure.

Katakana aianze kwa jina la mji wake: タンガ. Hiyo ガ ni カ iliyotiwa vijistari viwili, ka ikawa ga. Aangalie ン: mstari mrefu unaanzia chini unapanda. Akiushusha kutoka juu inakuwa ソ, na hapo ameandika Tasoga.

Jina lake mwenyewe aliamue mapema. Mwanaidi, kwa mfano, laweza kuwa ムワナイディ au ムワナイジ. Achague moja, alitumie hilo hilo benki, kazini na hospitali. Fedha zikitumwa kwa maandishi tofauti na ya akaunti zinaweza kurudishwa.

SAITAMA
Vifaa asinunue bado. Irodori ya Japan Foundation inapakuliwa bure, kitabu na sauti, aanze na ngazi ya Starter. NHK World nao wana masomo kwa Kiswahili.

Sentensi: kitenzi mwishoni, kila mara. "Gohan o tabemasu", wali nakula. Hicho "o" kinaonyesha kinacholiwa. Ajifunze kila kitenzi pamoja na kijineno chake, si peke yake, la sivyo atakuwa na maneno mia tano asiyoweza kuyaunga. Halafu は ikiwa kijineno husomwa "wa". Hapo wengi hukwama wiki nzima wakidhani wamekosea kusoma.

Kuhesabu vitu kuna namna yake kwa vyembamba, bapa, wanyama na kadhalika. Mtu wa ngeli hashtuki. Kwa kuanzia hitotsu, futatsu mpaka too (kumi) zinatosha sokoni.

NGAMIANI, TANGA
Ahsanteni. Na JLPT, ule mtihani wa kupima Kijapani, afanye?

SAITAMA
N5 ndiyo ngazi ya chini, na mtihani wenyewe hauna sehemu ya kuzungumza. Anayekuja kuishi hana haraka nao.

NAGOYA
Akifika ana siku 14 za kusajili anwani kwenye ofisi ya kata, kuyakusho. Akiwa pale pale dirishani aulize "nihongo kyooshitsu", darasa la Kijapani. Mengi huendeshwa na watu wa kujitolea, ada ndogo au hakuna.

Na saa! Akiambiwa "kuji" ni tisa ya kwenye mshale, yaani saa tatu yetu. Asitafsiri "saa tatu" kuwa "sanji", atachelewa kwa saa sita. Ila kupiga simu nyumbani ni raha: Tanga ikiwa saa tatu asubuhi, huku ni sanji alasiri. Namba ni ileile saa zote, asihesabu chochote.