Aliyeuita mkondo wa Tumbatu mfereji anajijua, nasi sote tunamjua

Mjukuu wa Jongowe:
Ndugu zangu, naandika mkono ukinitetemeka. Jana baada ya swala ya isha, barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ikiwa bado ya moto na mkwe wangu ameketi kando yangu, bwana yule mnayemjua nyote, ambaye hakuna bahari asiyoivuka kwa mdomo, alisema kwamba maji yaliyo kati ya Unguja na Tumbatu ni mfereji. Mfereji! Akanyanyua mguu, kikombe mkononi, kuonyesha jinsi atakavyouruka, na baraza zima likaangua kicheko kilichosikika Pangani.

Mama yangu ni mzaliwa wa Jongowe, kijiji cha kisiwa cha Tumbatu. Bibi yangu alikuwa akivuka kutoka Tumbatu hadi Mkokotoni kufuata maji ya kunywa, kwa kuwa kisiwani maji matamu yalikuwa haba, kisha akarudi na mitungi yake huku mashua ikirushwa kama mchele kwenye ungo. Kule Unguja mfereji ni bomba la maji. Basi mwanamke aliyevuka bahari kwa kukosa mfereji, leo bahari yake ndiyo inayoitwa mfereji, mbele ya mkwe wangu, na mguu ukiwa juu!

Bwana huyo aende Mkokotoni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapopanda na kushuka kwa takriban mita 4 na kuupitia uwazi ule mwembamba kwa kishindo. Aende wakati wa kusi, mkondo ukikutana na upepo uso kwa uso, mawimbi yasimame kama ukuta na nahodha anyamaze, maana nahodha wa Kitumbatu akinyamaza hata mtoto mchanga hushika ubao. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walikuwa wamehamia Tumbatu, na magofu ya msikiti yangalipo pale Makutani. Je, hao nao waliruka mfereji? Kila nikifumba macho nauona ule mguu.

Mvuvi wa Sahare:
Nilikuwapo. Mguu aliunyanyua kweli, tena kiatu kikamtoka. Lakini wewe, ndugu yangu, ulimaliza kahawa yako kimya, na leo umelitaja neno mfereji mara nyingi kuliko yeye. Jibu la barazani hutolewa barazani.

Mjukuu wa Jongowe:
Nisingeweza kugombana na mtu mzima mbele ya mkwe wangu. Wewe uliyekuwa huru kusema, mbona ulicheka?

Binti wa Kojani:
Afadhali yenu. Sisi wa Kojani, ambao maji yanayotutenga na Pemba ni membamba zaidi, bwana huyohuyo alituuliza kwa nini hatuyafukii tukapita kwa baiskeli, ilhali wavuvi wetu huja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, mpaka pwani hii ya Tanga, na samaki wao anawala.

Mzee wa Utende:
Wanangu, msimsikilizishe habari za Mafia. Baina ya visiwa vyetu vya Chole na Juani maji yakipwa watu huvuka kwa miguu, naye atasema hapana bahari kabisa. Mgeni mmoja alivuka hivyo, akapiga soga hadi maji yakajaa, tukamfuata kwa ngalawa usiku, naye akalalamika kwamba tumechelewa.

Mvuvi wa Sahare:
Mzee wangu, umenitonesha kidonda. Juzi nilimvusha mtu hadi kisiwa cha Toten, hapo mbele ya bandari yetu, akaangalie makaburi na magofu ya misikiti. Tuliporudi akakataa kulipa nauli kamili, eti kisiwa kinaonekana kutoka ufukweni.

Binti wa Kojani:
Alikulipa nini?

Mvuvi wa Sahare:
Alinilipa nusu, na machungwa mawili ya Muheza.